Kodi tatu, nafasi nyingi: kwa nini "Back in Black" inasikika kubwa hivyo

Swali: Mwalimu, salamu kutoka Nairobi. Nina bendi ya watu watano, tunapiga roki. Tumejifunza nyimbo nne za albamu ya "Back in Black" ya AC/DC. Kodi zake, yaani noti zinazopigwa kwa pamoja, ni rahisi, tulizishika upesi, lakini tukijirekodi muziki wetu unatoka umejaa kelele na hauna nguvu. Tumeongeza distosheni, yaani mkwaruzo wa gitaa, hali ikawa mbaya zaidi. Rafiki yangu anasema tusijisumbue, albamu ile iliuza kwa sababu mwimbaji wao alikuwa amekufa na watu walinunua kwa huruma. Je, ni kweli? Na sisi tunakosea wapi?

Jibu: Salamu zimefika, ndugu yangu. Nianze na la rafiki yako, maana linajibika haraka na jibu lake litatupeleka moja kwa moja kwenye magitaa yenu, ambako nina mengi zaidi ya kusema.

Mwimbaji huyo, Bon Scott, alifariki London tarehe 19 Februari 1980, akiwa na umri wa miaka 33, baada ya usiku wa kunywa kupita kiasi. Wakati huo AC/DC walikuwa ndiyo kwanza wanaanza kujulikana Marekani. Albamu yao ya 1979, "Highway to Hell", ilikuwa imefika namba 17 kwenye Billboard, chati ya albamu ya Marekani, na hawakuwahi kupanda juu hivyo kabla. Kwa maana nyingine, Wamarekani wengi walioinunua "Back in Black" iliyofuata walikuwa hawajawahi kumsikia Bon Scott hata mara moja. Sauti ya kwanza ya AC/DC kuingia masikioni mwao ilikuwa ya Brian Johnson, mwimbaji aliyemrithi Bon. Huruma kwa marehemu usiyemjua haimtoi mtu hela mfukoni.

Na kama msiba peke yake ungekuwa unauza, The Doors wangetajirika upya. Mwimbaji wao Jim Morrison alifariki Paris Julai 1971, jina lake likiwa kubwa kuliko la Bon kwa mbali, na wenzake wakatoa albamu mbili bila yeye. Mashabiki walilia, lakini albamu hawakuzikimbilia. Mwaka 1973 bendi ilivunjika.

Tazama pia jinsi "Back in Black" ilivyouza. Uingereza ilishika namba 1. Marekani, soko kubwa kuliko yote, haikuwahi kufika kileleni. Iliishia namba 4. Mwaka uliofuata, 1981, kampuni ya rekodi ikatoa Marekani "Dirty Deeds Done Dirt Cheap", kazi ya zamani ya 1976 yenye sauti ya Bon, nayo ikafika namba 3. Kisha Novemba 1981 ikatoka "For Those About to Rock" na kushika namba 1. Hizo mbili zilipanda juu zaidi, na zote mbili zimeachwa mbali sana na ile iliyoishia namba 4. Desemba 2019 "Back in Black" ilithibitishwa kuwa imepita nakala milioni 25 kwa Marekani peke yake, na makadirio ya dunia nzima hutajwa kuwa karibu milioni 50. Mauzo ya huruma yangepanda ghafla yakashuka ghafla. Haya yameendelea zaidi ya miaka 40, na wanunuzi wake siku hizi wengi ni watoto na wajukuu wa wale wa 1980.

Hata hivyo rafiki yako hajakosea kila kitu, maana msiba umo ndani ya kazi yenyewe. Siku chache kabla ya kufariki, Bon alifika mazoezini, akaketi kwenye dramu na kuwapigia wenzake walipokuwa wanajaribu nyimbo mpya. Alipozikwa Australia, wazazi wake ndio waliowahimiza ndugu wawili wapiga gitaa wa bendi, Malcolm na Angus Young, waendelee na muziki. Jalada ni jeusi tupu kwa ajili yake. Kampuni ya rekodi haikulipenda, na ilikubali kwa sharti kwamba jina la bendi lichorwe kwa mstari wa kijivu ili angalau lionekane.

Kisha kuna kengele inayofungua "Hells Bells". Fundi wa sauti Tony Platt alikwenda Loughborough, mji wa Uingereza wenye karakana ya kengele ya John Taylor, ambako bendi ilikuwa imeagiza kengele ya uzito wa karibu tani moja. Walijaribu kwanza kurekodi kengele za mnara wa kumbukumbu ya vita wa mji huo, lakini kila ilipopigwa ndege waliokaa mnarani waliruka, na mabawa yao yakaingia kwenye mikrofoni. Ikabidi warekodi ile mpya hapo hapo karakanani, kwa studio ya kwenye gari. Baadaye tepu ikapunguzwa kasi ili mlio ushuke chini, uwe mzito zaidi. Ukiisikiliza vizuri utagundua kwamba baada ya kila pigo wanaiacha ilie kwa muda mrefu. Hakuna anayekimbilia kuujaza ukimya ule. Gitaa linaingia taratibu, dramu baadaye kabisa. Kwangu mimi siri ya albamu nzima imeshasemwa katika sekunde zile za mwanzo, kabla hata Brian hajafungua mdomo.

Brian Johnson alitoka upande wa Newcastle, kaskazini mwa Uingereza. Bendi yake ya zamani, Geordie, iliwahi kupata wimbo uliofika namba 6 Uingereza mwaka 1973, kisha mambo yakafifia, akawa anajitafutia riziki kwa kazi ya kutengeneza paa za magari. Bon mwenyewe aliwahi kumwona jukwaani na kuwasifia wenzake sauti ile. Alipoitwa kujaribiwa, aliimba "Nutbush City Limits" ya Ike na Tina Turner na "Whole Lotta Rosie" ya AC/DC wenyewe. Wiki chache baadaye alikuwa Nassau, kisiwani Bahamas, katika studio za Compass Point, akitakiwa aandike maneno ya nyimbo ambazo muziki wake ulikuwa tayari. Zamani kulikuwa na uvumi kwamba maneno hayo ni ya Bon. Bendi imekana mara zote, na nyimbo zote 10 zimesajiliwa kwa majina ya Young, Young na Johnson.

Aliyesimamia kazi alikuwa Robert John Lange, wengi wanamwita Mutt. Huyu alizaliwa Mufulira, mji wa migodi ya shaba ya Zambia, karibu kabisa na mpaka wa Kongo, akakulia Afrika Kusini kabla ya kuhamia Uingereza. Nalitaja hili kwa sababu wapiga roki wengi wa huku kwetu hawalijui, na lina uzito wake: mmoja wa maproduza waliofanikiwa kuliko wote katika historia ya roki ni mtoto wa Copperbelt, eneo lile la migodi ya shaba. Miaka michache baadaye alisimamia "Hysteria", albamu ya bendi ya roki ya Def Leppard, ambako alifanya kinyume kabisa, magitaa tabaka juu ya tabaka, sauti za kuitikia zimerundikwa hadi ukuta, kazi iliyochukua miaka. Lakini kwa AC/DC alijizuia. Nyimbo zilirekodiwa Aprili na Mei 1980, bendi ikipiga pamoja chumba kimoja, kisha solo na sauti ya Brian zikaongezwa juu. Lange alikuwa na uwezo wa kuongeza chochote alichotaka, na karibu kila mahali aliamua kutoongeza. Uamuzi huo naupenda kuliko ujanja wake wowote wa baadaye.

Sasa tuje kwenu. Chukueni wimbo wenyewe wa "Back in Black" na muutazame kwa karibu.

Unaanza na hai-hati, yale matoazi mawili ya dramu, ikihesabu, na gitaa lililozimwa likikwaruza pamoja nayo. Kisha inakuja E, inapigwa mara moja na kukatwa. Kimya. Inafuata D kwa mapigo mafupi, inakatwa. Kimya tena. A vivyo hivyo. Kisha kipande kidogo cha nyuzi za juu kinateremka kwa skeli ya pentatoniki (ya noti tano) ya E, na mzunguko unaanza upya. Mara ya pili mahali pa kile kipande kinakuja kifungu kinachotambaa kwenye nyuzi nene. Kodi ni tatu tu. Kasi ni ya chini, mapigo yapata 93 kwa dakika, polepole kuliko bendi nyingi zinavyoupiga. Angus amesimulia kwamba Malcolm alikuwa nayo hiyo rifu (kipande cha gitaa kinachojirudia) kwenye kaseti, hana hakika nayo, akamuuliza kama inafaa au aitupe.

Jaribuni kuhesabu ni sehemu gani ya rifu ile gitaa linalia na ni sehemu gani limenyamaza. Mtashangaa jinsi kimya kilivyo kingi. Na ndani ya kimya hicho ndimo inamosikika sneya, ile ngoma ya mlio mkali, ya mpiga dramu Phil Rudd, peke yake, haigombaniwi na mtu. Inasikika kubwa kwa sababu imepewa nafasi yake yote. Sikio la msikilizaji halina njia ya kuujua ukubwa wa sauti isipokuwa kwa kuulinganisha na kilicho kando yake. Mkiwa na magitaa mawili yanayolia bila kukoma, yamejaa distosheni, hakuna kitu cha kulinganisha. Kila kitu kiko juu, kwa hiyo hakuna kilicho juu. Ndipo mlipokosea, na kuongeza distosheni kumezidisha kosa lile lile.

Distosheni ya albamu ile ni ndogo kuliko watu wanavyodhani. Malcolm alipiga Gretsch ya zamani aliyoing'oa pikapu (vinasa mlio wa nyuzi), akaibakiza ile ya karibu na daraja, akafunga nyuzi nene, na ampu yake ya Marshall, yaani kikuza sauti cha gitaa, akaiweka geini (nguvu inayoleta mkwaruzo) ya chini. Ndiyo maana kodi zake unasikia kila waya ndani yake. Akipiga kwa nguvu gitaa linakwaruza, akilegeza mkono linasafika. Nguvu ilikuwa mkononi, haikuwa kwenye pedali. Angus, mwenye Gibson SG na nyuzi nyembamba, alikuwa na mkwaruzo zaidi kidogo, na alikuwa na jambo lake la pekee: kile kifaa cha kupigia gitaa bila waya alichokitumia jukwaani, Schaffer-Vega, alikiingiza hadi studio kwa sababu kiliisukuma ampu kwa namna aliyoipenda. Watu wametafuta sauti ya gitaa lile miaka mingi kwa kununua ampu za kila aina, kumbe sehemu yake ilitoka kwenye kifaa ambacho kazi yake rasmi ilikuwa kuondoa waya.

Mhandisi au mpiga gitaa aliyekulia kwenye muziki wa dansi hapaswi kuona jambo hili geni. Bendi za dansi za Dar es Salaam na rumba ya Kongo zimejengwa juu ya kanuni hiyo hiyo: solo ana njia yake, solo la pili ana yake, rithimu ana yake, na hakuna anayemkanyaga mwenzake. Wakikanyagana, wimbo unakufa hata kama kila mmoja ni fundi. Ndugu wawili wa Young walielewana hivyo hivyo. Hata wanapopiga kodi moja, mmoja anaipiga wazi chini ya shingo, mwingine anaishika kwingine au anaingia baadaye. Katika miksi, kila mmoja amewekwa upande wake. Vaa visikilizi, ondoa cha kushoto, sikiliza. Kisha ondoa cha kulia. Fanya hivyo kwa "Shoot to Thrill" na utasoma zaidi ya nitakayoweza kuandika hapa.

Kwa hiyo kazi yenu mazoezini ni hii. Kwanza zimeni pedali za distosheni kabisa. Ingizeni magitaa moja kwa moja kwenye ampu, pandisheni geini hadi mkwaruzo unapoanza tu, kisha rudisheni nyuma kidogo. Mtaona mmevuliwa nguo, maana kila kosa litasikika, na hilo ndilo linalotakiwa. Mwambie mpiga rithimu wako ashike kodi wazi, nyuzi zikilia zote, na aache zile kodi za nguvu za nyuzi mbili tatu ambazo vijana wengi huanza nazo. Kodi za nguvu zinafaa pale distosheni ni nyingi. Hapa zitawapunguzia mwili.

Kisha fanyeni zoezi la kukata. Pigeni E pamoja, wote, na mzime pamoja, wote: wenye magitaa kwa kiganja cha kulia na vidole vya kushoto kwa wakati mmoja, mwenye besi vivyo hivyo. Msiende D mpaka ukimya wa baada ya E uwe safi, bila mvumo wa ampu wala waya uliosahauliwa. Rekodini kwa simu, iwekeni katikati ya chumba. Kama baada ya E mnasikia mkia wa sauti ya mtu mmoja, mtafuteni ni nani. Zoezi hili linachosha na halina raha ya kupiga wimbo mzima, lakini bendi inayoweza kunyamaza kwa pamoja huwa tayari imeshapita bendi nyingi za mjini. Na msiharakishe. Wekeni metronomu kwenye 93 na mkubali kwamba mtaona mnachelewa. Hisia ya kuchelewa ile ndiyo inayomfanya msikilizaji atikise kichwa.

Mpiga besi wako pengine atalalamika. Cliff Williams, mpiga besi wa AC/DC, katika albamu nzima anapiga noti za msingi, sawa, bila madoido, na anakwenda pamoja na dramu kubwa inayopigwa kwa mguu. Mweleze kwamba hilo ni jukumu gumu, tena la heshima. Dramu ni vivyo hivyo: Rudd karibu hajazi kitu kati ya beti na kibwagizo. Pigo la pili na la nne, basi, wimbo baada ya wimbo. Platt ameeleza kwamba pale Compass Point alizunguka chumbani akipiga sneya ili apate mahali inapolia vizuri zaidi, ndipo dramu ikawekwa hapo. Hili mnaweza kulifanya bila senti moja. Chukueni sneya, tembeeni nayo katika chumba chenu cha mazoezi, pembeni, katikati, karibu na mlango, na mtasikia inabadilika. Mahali inaponenepa ndipo wekeni dramu, hata kama itabidi mhamishe kila kitu kingine.

Kuhusu mwimbaji, naomba hili mlichukulie kwa uzito. Brian anaimba karibu na dari ya sauti yake kwa dakika zaidi ya 40, na Lange hakumhurumia: alimrudisha mstari mmoja mmoja mpaka utoke anavyotaka. Mwimbaji wako asiige mkwaruzo ule kwa kubana koo. Ashushe wimbo nusu tone au tone zima kama hafiki. Hakuna msikilizaji atakayewashtaki. Mazoezini aimbe kwa nusu ya nguvu na aweke akiba ya jukwaani. Na nyote, narudia nyote, vaeni vizibo vya masikio. Mwaka 2016 Brian alilazimika kuacha ziara katikati kwa sababu madaktari walimwonya kwamba angeweza kupoteza usikivu wake wote, na nafasi yake jukwaani ikachukuliwa na Axl Rose, mwimbaji wa Guns N' Roses, hadi ziara ikaisha. Alirudi kwa albamu ya 2020, namshukuru Mungu kwa hilo, lakini si kila mtu hupata bahati ya kurudi. Chumba kidogo cha mazoezi chenye bati na ampu mbili ni hatari kuliko uwanja.

Jambo moja nililofikiria niliache, lakini nyinyi mtapanda jukwaani mbele ya watu. Si nyimbo zote za albamu hii zina hadhi sawa. "Given the Dog a Bone" na "Let Me Put My Love into You" maneno yake ni ya matusi yaliyofichwa kidogo tu, na ya pili ilitajwa mwaka 1985 kwenye orodha ya nyimbo chafu iliyotolewa na kundi la wake wa wanasiasa wa Washington. Sipendekezi zipigwe, na sababu yangu kubwa ni ya kimuziki: hazifikii zile nyingine. Upande wa kwanza wa santuri unaanza kwa nguvu na kushuka mwishoni. Upande wa pili unafunguka na wimbo wenyewe wa "Back in Black" ukifuatiwa na "You Shook Me All Night Long", na sidhani kama kuna albamu ya roki iliyofungua upande wa pili vizuri kuliko hiyo.

Umesema mmejifunza nyimbo nne bila kuzitaja. Ningekuwa mimi, ningezipanga hivi. "Back in Black" iwe ya kwanza kufanyiwa kazi, kwa ajili ya zoezi la kukata. Ikikaa sawa, nendeni "You Shook Me All Night Long", ambayo ina kasi zaidi na itampa mpiga rithimu nafasi ya kuacha kodi za wazi zilie. "Hells Bells" ije ya tatu. Kengele msiiweke ya kompyuta kama hamna nzuri, anzeni na gitaa peke yake, taratibu, mpaka ukumbi unyamaze. "Shoot to Thrill" iacheni ya mwisho. Pale kati ule wimbo unashuka karibu kunyamaza kabisa kabla ya kupanda tena, na bendi ikiwa na hofu huwa inaongeza kasi hapo hapo. Mkiweza kukaa pale chini bila kukimbia, nitumieni hiyo rekodi ya simu niisikilize.